Somo la Wakulima: Kuuza Mche ni Kutoa Ahadi



Katika somo hili twapenda kuzungumza juu ya kitalu cha miche ya matunda, na hasa michungwa. Hapa kwetu Muheza mchungwa ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, na ndio nauli ya kwenda hospitali. Wengi wetu tuna eka moja au mbili tu. Mwenye shamba kubwa akikosea safu moja, huziba pengo kwa safu nyingine. Mwenye eka moja akikosea, amekosea yote.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Miaka mingi tuliyofundisha chuoni ilitufundisha nasi kwamba mwanafunzi hushika zaidi kosa lililosahihishwa ubaoni kuliko jibu lililoandikwa safi tangu mwanzo.

KIKAPU CHA MALIMAU

Siku moja baada ya ibada, mama mmoja mjane alitungoja nje akiwa na kikapu. Alikuwa amenunua miche 30 katika kitalu chetu cha mtaa miaka minne nyuma. Alifunua kikapu, tukaona malimau makubwa yenye ganda la vinundu. Akasema, "Mwalimu, mliniuzia michungwa. Haya ndiyo niliyovuna." Hakupaza sauti, wala hakutudai kitu. Alitaka tu kujua alikosea wapi.

Yeye hakukosea. Tulikosea sisi. Tulimpa miche mingine bure, lakini miaka minne hatukuweza kumrudishia, na katika miaka hiyo mwanawe mkubwa alikuwa ameacha masomo kwa kukosa ada. Tulipotaka kujua ni nani wengine waliochukua miche ya fungu lile, hatukuweza, kwa maana hatukuwa na daftari. Tangu siku ile tulianza kukijenga kitalu upya. Tuliyojifunza ndiyo haya.

1. MCHE MMOJA, MITI MIWILI

Mchungwa wa kubebesha ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni shina lenye mizizi, ambalo kwetu huwa ni mlimau wa kienyeji. Juu ni mchungwa, uliotokana na jicho moja tu lililobandikwa. Mti wa namna hii huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na huzaa tunda lile lile la mama yake. Mchungwa uliopandwa kwa kokwa huchelewa zaidi na huwa na miiba mingi.

Kwa nini mlimau? Katika miaka ya 1930 na 1940, wakulima wa Brazil na Argentina walipoteza mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya shina la mdanzi. Iliuawa na ugonjwa uitwao tristeza, unaoenezwa na vidukari. Shina la mlimau huuvumilia ugonjwa huo, tena lina mizizi yenye nguvu. Lakini nguvu hiyo ina hatari yake. Jicho la mchungwa likifa, mlimau hauhuzuniki. Huchipua wenyewe kutoka chini na kukua kwa haraka. Mtu asiyetazama vizuri huona mche mzuri wa kijani, akauuza. Hivyo ndivyo ilivyomfika yule mama.

2. MTI MAMA

Jicho hubeba wema wa mama yake, na hubeba maradhi yake pia. Kuna ugonjwa usio na dawa ambao huyafanya majani kuwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za jani. Matunda yake huwa madogo, yamepinda upande, hubaki kijani sehemu moja hata yakiiva, na huwa machungu. Huenezwa na vidudu vidogo vifyonzavyo utomvu, na huenezwa pia kwa macho yaliyokatwa katika mti mgonjwa. Kwa hiyo kitalu kimoja kisichojali chaweza kuupeleka ugonjwa katika vijiji kumi kwa msimu mmoja, na tena kwa kulipwa fedha.

Basi chagueni miti mama michache, mkaijua kama mjuavyo watoto wenu. Itazameni miaka mitatu: je, huzaa kila mwaka? Matunda ni matamu? Majani yana afya? Itieni namba kwa rangi, na msikate macho katika mti mwingine wo wote, hata kama mwenyewe ni rafiki. Kabla ya kuichagua, mwombeni bwana shamba au bibi shamba aikague pamoja nanyi.

3. MBEGU, UDONGO NA KIRIBA

Kokwa za limau zisianikwe juani, kwani hufa zikikauka. Chukueni matunda yaliyoiva mtini, si yaliyooza chini. Osheni kokwa mpaka utelezi uishe, zikausheni kivulini, kisha zipandeni upesi. Kokwa moja yaweza kutoa miche miwili au mitatu. Mingi hufanana na mama yake, na hiyo ndiyo tuitakayo. Ule uliodumaa, au ulio na majani ya sura ngeni, utupwe bila huruma.

Udongo wetu ni madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza kabisa, na moja la mchanga. Zamani tulichota udongo chini ya michungwa mikuukuu, tukijidanganya kwamba mchungwa utaupenda. Kumbe tulikuwa tunachota na maradhi ya mizizi. Sasa twachota mahali pasipokuwa na michungwa, twaulowesha udongo, twaufunika kwa nailoni angavu, na kuuacha juani majuma sita. Joto hilo huua vimelea vingi na mbegu za magugu.

Wakati wa kuhamishia katika kiriba, toboeni shimo refu kwa kijiti ili mzizi mkuu uingie wima. Mzizi uliokunjwa hautanyooka kamwe. Mti huo utaonekana mzima miaka miwili, kisha utaanza kunyong'onyea, na mkulima atalaumu ardhi yake.

4. SIKU YA KUBANDIKA JICHO

Shina likifikia unene wa penseli, liko tayari. Limwagilieni maji vizuri juma zima kabla, ili ganda lifunguke kwa urahisi. Kisu kiwe kikali, na kifutwe kwa spiriti kila muhamiapo mti mama mwingine.

Chanjeni ganda kwa umbo la herufi T, sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Wengi hubandika chini mno, kwa kuwa huko shina ni nene na kazi ni rahisi. Lakini matone ya mvua hurusha udongo, na udongo huleta ugonjwa wa kuoza shina na kutoa gundi. Urefu huo ni ulinzi wa maisha yote ya mti.

Jicho likatwe likiwa na kikonyo kifupi cha jani lake, litumbukizwe ndani ya T, kisha lifungwe kwa utepe wa nailoni. Baada ya siku 21 fungueni. Gusani kile kikonyo kwa kidole. Kikidondoka chenyewe na jicho ni kijani, limeshika. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Geuzeni upande wa pili mbandike tena. Jicho likishika, kateni kichwa cha shina juu yake ili nguvu zote ziende kwake. Kisha kila juma, bila kukosa, ondoeni machipukizi yote yaliyo chini ya jicho. Sisi tulikosa majuma machache tu kwa sababu ya mavuno na harusi, na matokeo mmekwisha kuyasoma.

5. KUHESABU KWA KURUDI NYUMA

Mkulima hupanda mvua ikinyesha, hawezi kuingoja miche. Kwa hiyo kitalu huanza kuhesabu mwishoni. Tukitaka miche iwe tayari kwa masika mwezi wa Machi, yatupasa tubandike macho Septemba iliyotangulia. Ili tubandike Septemba, yatupasa tuwe tumepanda kokwa Julai ya mwaka wa kabla ya huo. Jumla ni miezi 20. Kitalu kianzacho kazi mawingu yanapotanda kimechelewa karibu miaka miwili. Ndiyo sababu sasa twaandika mahitaji ya watu mapema, mtaa kwa mtaa.

6. DAFTARI

Kila fungu la miche liwe na ukurasa wake: tarehe ya kupanda, namba ya mti mama, jina la aliyebandika, idadi iliyoshika, na jina la kila mnunuzi na kijiji chake. Daftari hili pia hufundisha hesabu. Tuseme limeonyesha kwamba katika kila viriba 100, mashina 80 hufikia unene wa penseli, na katika hayo 80, macho 60 hushika. Mkihitaji miche 200, msijaze viriba 200. Jazeni 335.

Na bei je? Tuseme gharama yote ya viriba hivyo 335 ilikuwa shilingi 400,000. Wengine hugawanya kwa 335, wakapata kama shilingi 1,200, wakauza kwa 1,500 na kufurahi. Lakini miche ya kuuza ni 200 tu. Gharama ya kila mche ni shilingi 2,000, na kila mche uliouzwa kwa 1,500 umekula shilingi 500 za kitalu. Vitalu vingi vya vikundi hufa hivyo, huku kila mtu akimshuku mweka hazina.

7. SIKU YA KUUZA

Majuma mawili kabla, punguzeni kivuli na maji kidogo kidogo, ili mche uzoee jua la shambani. Kisha kagueni mmoja mmoja. Tafuteni kovu la T, mhakikishe kwamba tawi limetoka juu yake. Likitoka chini, ni limau. Fikicheni jani: jani la limau hunuka limau, na machipukizi yake machanga huwa na rangi ya zambarau.

Mpeni mnunuzi maagizo kwa mdomo na kwa karatasi: shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na kuchanganywa na samadi, miche iachane mita 7, na kovu lisifukiwe kamwe.

Yule mama alipokuja kuchukua miche yake mipya, hakuichukua kwa kutuamini. Alipiga magoti kitaluni, akapapasa kovu la kila mche kwa kidole gumba. Akaiacha mitatu. Tuliitazama ile mitatu, naye alikuwa amesema kweli. Sasa hakuna mche utokao kitaluni kwetu kabla yeye hajaupapasa, na kwa kazi hiyo hulipwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika mtaa wenu kuna kitalu? Miti mama yake ni ipi, na ni nani aliyeichagua?

2. Mkihitaji miche 90 kwa masika, na daftari lenu ni kama lile la mfano wetu, mtajaza viriba vingapi, na mtapanda kokwa mwezi gani?

3. Mnunuzi akirudi na kikapu baada ya miaka minne, je, daftari lenu litaweza kumjibu?