Somo: Mtaalamu na Mvuvi Waigize Pamoja



Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto: maji ya juu hayachanganyiki vema na ya chini, virutubisho havipandi, na chakula cha samaki kinapungua. Habari hii inawahusu sana watu wa Kapalamsenga na mwambao wote wa Katavi. Ikisomwa mkutanoni kwa takwimu tupu, watu husinzia, au husikia tu kwamba mvuvi ndiye mkosaji.

Tunashauri igizo la papo kwa papo. Mtaalamu awe mama apikaye uji, mvuvi awe mtoto mwenye njaa. Unga umetuama chini, mtoto anakunywa maji matupu. "Mama, mbona hukorogi?" Mtaalamu ajibu bila karatasi: upepo ndio mwiko wa ziwa, na joto limeuzidi nguvu.

Wavuvi watamkatiza: kama kosa ni la joto, kwa nini mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti? Swali zuri! Ajibu kwamba chakula kikipungua, samaki wachache waliobaki wanahitaji nafasi ya kuzaliana.

Njia hii si ngeni nchini. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, waliitumia Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1980: walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, wakaigiza, wakajadiliana.

Kamati itenge saa nzima kwa maswali. Mgeni akiomba dakika kumi, mkatalieni kwa upole.