Pini Mbili Zilizoituliza Antena ya Kiraka

Karatasi ya muuzaji wa antena yetu ya kiraka ilisema desibeli 30: ndio utengano kati ya polaraizesheni ya wima na ya mlalo. Haikusema zilipimwa kwa pembe gani, na hilo linaniudhi mpaka leo. Ukiielekea antena ya kiraka uso kwa uso, mionzi mtambuka, yaani ile ya polaraizesheni isiyotakiwa, hujifuta karibu yote. Sogea pembeni digrii 45 au 60, kwenye bapa la uga sumaku, uone inavyoibuka. Na pembeni huko ndiko lilikokuwa paa la jirani yetu, aliyepokea kwa mlalo kwenye masafa yaleyale ya 2.45 GHz tuliyorushia kwa wima. Kila jioni alikuja na malalamiko, na alikuwa na haki.

Nikaamua kujitengenezea. Vipimo ni kazi ya kikokotoo tu: kiraka cha shaba juu ya hewa, kimo milimita 5, urefu kama milimita 54, upana mara moja na nusu ya urefu. Uwiano huo usiupuuze.

Hatua ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Hewa nene hudai pini ndefu ya kulishia kiraka, na pini ndefu hurusha mionzi yake yenyewe, tena huamsha mtetemo wa kukingama ndani ya kiraka. Dawa yake ni pini ya pili ng'ambo ya kitovu, umbali uleule, ikilishwa kinyume: moja ikisukuma, nyingine inavuta. Mtetemo tunaoutaka hufurahia hali hiyo. Ule wa kukingama unahitaji pini zote zisukume pamoja, kwa hiyo unakosa chakula.

Kinyume hicho hupatikana kwa njia mbili za omu 100 nyuma ya bamba la ardhi, moja ikizidi nyenzake kwa nusu ya urefu wa wimbi, zikiungana kuwa omu 50. Kwenye bodi ya FR-4 ya milimita 1.6 ziada hiyo ni milimita 35 hivi. Nasema "hivi" kwa sababu wauza bodi wengi hawawezi kukuambia kipimo cha dielektriki cha bodi yao ni 4.2 au 4.7, na wengine hukasirika ukiwauliza.

Basi ile njia ndefu usiichonge kwa asidi. Ikunje kwa utepe wa shaba kama herufi U. Simamisha antena uwanjani, igeuze pembeni digrii 45, laza antena ya kupokea kwa upande, kisha sogeza mkunjo kidogo kidogo huku ukitazama kipokezi. Usifuate mwakisiko, huo utakuonyesha pazuri hata pasipo pazuri. Fuata mionzi mtambuka yenyewe. Niliposukuma mkunjo kwa unene wa kucha, ishara ilizama mpaka kwenye kelele ya kifaa, nikapiga kelele peke yangu uwanjani. Lehemu papo hapo, kabla utepe haujahama.

Kabla ya yote hayo, vika kebo pete za feraiti karibu na kiunganishi, maana ngozi ya kebo nayo hurusha mionzi, na lawama huangukia kiraka.