Bruti si Pesa ya Mfukoni: Vidokezo 6 kwa Wafanyakazi wa Annexe

Kasapa, Luwowoshi, Kimbembe, Kalebuka, mitaa ya Annexe hapa Lubumbashi: mwisho wa mwezi malalamiko ni yale yale. Mtu aliahidiwa kiasi fulani, akapokea pungufu. Mara nyingi hakuna aliyemwibia. Alitajiwa bruti, akasikia neti.

1. Uliza kabla ya kusaini. "Dola 800, bruti ao neti?" Bruti ni mshahara mzima kabla ya makato, neti ni kile kinachofika nyumbani. Jibu liandikwe kwenye mkataba.

2. Piga hesabu mwenyewe. Mchango wa mfanyakazi kwa CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, ni 5%. Kwenye dola 800, hiyo ni 40. Kodi ya mshahara, ile tuliyoizoea kwa jina la IPR, inatazama 760 zilizobaki, na asilimia yake inapanda ngazi kwa ngazi. Ndiyo maana bruti ikiongezeka maradufu, neti haiongezeki maradufu.

3. Ijue sehemu ya bosi. Mwajiri naye anachangia CNSS 13%: kwa mshahara huo huo, dola 104. Inaweza kuonekana kwenye fishi ya malipo, lakini isipunguze neti yako. Ikipunguza, uliza.

4. Tenganisha mshahara na posho. Sheria ya Kazi ya 2002 haihesabu pesa ya nyumba wala nauli kuwa malipo ya kazi. Ukiambiwa "dola 1,000 zote ndani", dai kujua mshahara wenyewe ni ngapi, maana haki zako nyingi zinapimwa kwa huo.

5. Tunza fishi zako. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya malipo kwa maandishi. Usiyatupe. Kisha pita CNSS uhakikishe kwamba michango yako imefika kweli. Makato kwenye karatasi pekee hayalipi pensheni.

6. Mwenye duka au nyumba ya kupanga, nawe usijidanganye. Mauzo ya siku si faida: toa kwanza bei ya bidhaa, usafiri na kodi. Kwa mwenye nyumba, pango lote si faida: toa kwanza kodi ya mapato ya pango na gharama ya bati jipya.

Karo, pango na mkopo vipange kwa neti. Na ukikaa mezani na mwajiri, taja neti unayohitaji, mpande pamoja hadi bruti, kisha namba zote mbili ziandikwe.