SPIKA ZA ZAMANI, NA JINSI YA KUZITUNZA

Kimeandikwa na mwanafunzi wa zamani

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliponiomba niwaandikie somo juu ya chombo chochote nikijuacho, sikufikiri sana. Nyumbani kwangu Mengo zipo spika mbili za kusikilizia santuri, zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960. Zimo katika nyumba yetu tangu Oktoba 1972, na bado zinaimba. Wanafunzi mnaosoma sasa habari za sumaku na umeme, someni kwa makini. Wazee wenzangu mwaweza kuruka mafungu mawili yafuatayo.

Spika ni chombo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nyuma kuna sumaku nzito yenye ufa mwembamba wa mviringo. Ndani ya ufa huo imo koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa juu ya mrija mdogo. Koili imegandishwa kwa gundi kwenye koni ya karatasi. Umeme wa muziki ukipita katika waya, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni nayo huisukuma hewa. Umeme ukigeuka mara 440 kwa sekunde, koni hucheza mara 440, nasi husikia ile sauti ambayo wapiga fidla huitumia kulinganisha nyuzi zao. Mpango huu ulielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na hata leo spika nyingi hufuata mpango huohuo.

Sumaku za zamani zilikuwa za Alnico, yaani chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka, na bado inatoka, Katanga kwa jirani zetu wa Kongo. Mwezi Mei 1978 waasi waliingia Kolwezi, kazi ya migodi ikavurugika, na bei ya kobalti ikapanda mno. Wenye viwanda vya spika wakakimbilia sumaku za feriti, ambazo ni rahisi kwa bei. Hata sisi Uganda tunayo kobalti: ilikuwamo katika mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, na kiwanda cha Kasese kilianza kuitoa mwaka 1999, ingawa baadaye kilifungwa. Mimi huona ajabu kidogo kwamba vita vya Kolwezi vilibadili sauti ya sebule za London.

Sasa nieleze zilivyotufikia. Jirani yetu alikuwa fundi wa cherehani, Mhindi aliyezaliwa Jinja. Jumapili alasiri alikuwa akifungua madirisha na kupiga santuri, nasi watoto tukikaa barazani kwake. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi watoke nchini, nao wakapewa siku 90. Siku zile watu walikuwa wakinunua makabati na friji kwa bei ya kutupa. Baba alikwenda na fedha mkononi ili anunue spika kwa bei ya haki. Yule bwana akazikataa fedha. “Siuzi, Mzee,” akasema. “Niwekee.” Basi tukazibeba usiku, mimi nikishika waya zisiburuzike.

Aprili 1979, Kampala ilipotekwa na majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa pamoja nao, uporaji ulienea mjini. Baba alizificha spika chini ya magunia ya makaa. Waporaji hawakuziona, lakini vumbi la makaa liliziona. Likaingia katika ufa wa sumaku, na koili zikaanza kukwaruza kama kuku mchanganyikoni.

Nilikuwa na miaka 19 na nilijiona mtaalamu. Nikachukua bisibisi, nikaifungua sumaku ya spika ya kushoto ili nifute vumbi. Vumbi likatoka, na nguvu ya sumaku ikatoka pamoja nalo. Kumbe Alnico ikitenganishwa na vyuma vyake hupoteza nguvu, na hairudi mpaka itiwe tena kwa mashine maalum. Tangu siku ile spika ya kushoto ni dhaifu. Ya kulia nilimpelekea fundi mmoja wa Katwe asiyekuwa na cheti chochote. Yeye hakuigusa sumaku. Aliibandua koni polepole, akanasa vumbi kwa utepe wa gundi, akaweka vipande vya karatasi kuzunguka koili ili ikae katikati, kisha akaigandisha upya.

Mwaka 1994 kijana wa yule fundi cherehani alikuja kuangalia nyumba yao. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki huko Leicester, na baba yangu pia hakuwapo. Nikampigia santuri moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: “Hii ya kushoto imepatwa na nini?” Nikamweleza ukweli wote, na haya nikaona. Alipoondoka alisema zikae kwanza, atauliza ndugu zake. Hajaleta jibu, nami sijaziita zangu.

Kuhusu kutunza, adui mkubwa hapa Kampala ni unyevu. Koni ya karatasi hushika ukungu, kwa hiyo usiegemeze spika ukutani wakati wa masika. Spika zetu zina ukingo wa kitambaa, nao umedumu; zile zenye ukingo wa sponji, sponji huwa unga baada ya miaka michache, lakini ukingo waweza kubadilishwa bila kutupa spika. Umeme ukikatika, zima amplifaya mara moja, maana ukirudi kwa kishindo waweza kuunguza koili. Ukinunua spika kuukuu, isukume koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, na utege sikio: ikikwaruza, punguza bei au uiache. Pima koili kwa mita. Spika iliyoandikwa omu 8 huenda ikaonyesha 6 hivi, nawe usidhani umepunjwa, kwa kuwa ile 8 ni ya umeme unaogeuka-geuka, na mita hutumia umeme wa betri. Kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja tu. Koni zote mbili ziruke upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, waya zimepishana na sauti nzito zitapotea.

Mwalimu wa fizikia ameniruhusu kuja maabara Jumamosi saa nane. Nitaileta ya kushoto mwione sumaku yake. Ya kulia haitoki nyumbani.