N.K. wa Mbozi: Funga Kibanda, Ukapime

Mwanangu N.K.,

Pole sana, mama. Unaandika kwamba kwa miezi kadhaa umekuwa ukiona vipande vyeupe, bapa, vikitoka na choo, na hujamwambia mtu, hata mumeo. Una kibanda cha kitimoto, unaogopa wateja wakisikia watakukimbia. Mwanao wa miaka tisa ameanguka kifafa mara mbili, na mama mkwe anataka apelekwe kwa mganga. Bandani kuna nguruwe mwenye uvimbe chini ya ulimi, na dalali ameahidi kuja kumchukua usiku. Umeyabeba yote peke yako, ukidhani ni mikosi mbalimbali. Mimi nahofia ni jambo moja.

Unachokiona chooni

Yaelekea ni vipande vya tegu. Wako tegu wa ng'ombe na tegu wa nguruwe, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha, ila madhara yao hayalingani. Wa nguruwe humwingia mtu aliyekula nyama isiyoiva yenye malengelenge meupe. Baada ya miezi miwili hivi anakuwa mnyoo mzima, wa mita kadhaa, na anaweza kuishi tumboni miaka bila kumsumbua sana mwenye naye. Ndiyo maana wengi hawapimi. Usijione mchafu, mwanangu. Ulikula nyama kama majirani zako wanavyoila.

Kachumbari yako

Hapa nisikilize vizuri. Watu husema kifafa cha minyoo hii kinatokana na kula nguruwe. Sivyo. Nyama humpa mtu tegu wa tumboni. Kinachofika ubongoni kinatokana na mayai, na mayai hutoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu. Kipande kimoja hubeba mayai maelfu kwa maelfu, wala huyaoni. Mtu akiyameza, yanaanguliwa tumboni, viluwiluwi vinapita kwenye damu na kwenda kujenga malengelenge kwenye misuli, machoni au ubongoni.

Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini ambao nguruwe hawamgusi kabisa, waliokutwa na malengelenge hayo ubongoni. Wasaidizi wa nyumbani walipopimwa, mmoja akakutwa na tegu. Ilikuwa mikono, si nyama.

Sasa itazame meza yako. Kitimoto kinachemka kwenye mafuta mpaka kinakauka, ndizi nazo zinaiva. Nyanya na vitunguu je? Unavikata, unavichanganya kwa vidole, unakamulia ndimu, na ndimu usiitegemee kuua mayai. Mkono huohuo ndio unaomlisha mwanao. Kwa hiyo funga kibanda mpaka daktari akwambie umepona. Najua ndicho kinacholipa ada. Wateja watarudi, lakini ubongo wa mtoto wa mtu ukishaharibika huwezi kuurudisha.

Mtoto

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake. Simaanishi kwamba mwanao ni mmojawapo. Kifafa kina sababu nyingi, na ni daktari atakayetafuta ya kwake, pengine kwa picha ya ubongo. Mweleze na habari ya vipande, usifiche. Dawa za kifafa zipo, na mtoto akizimeza bila kuruka siku anaweza kuendelea na shule. Akianguka tena, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na usiogope mapovu yake. Hayaambukizi. Mama mkwe naye usigombane naye, anampenda mjukuu wake. Mwombe tu hospitali itangulie.

Dawa ya dukani

Unauliza kama unywe dawa ile wanayopewa watoto shuleni kwa kichocho. Parazikwanteli inaua tegu, ni kweli. Lakini kama una malengelenge yaliyojificha ubongoni, dawa hiyo inaweza kuyachokoza, ubongo ukavimba, nawe ukaanza kuanguka. Daktari akikupima ataamua, na pengine atakupa niklosamidi, ambayo hufanya kazi utumboni tu. Usijitibu kwa siri. Na watu wote wa nyumba yako wapimwe, akiwemo anayekusaidia kibandani.

Nguruwe yule

Jiulize uvimbe ule aliutoa wapi. Nguruwe hupata malengelenge kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, na huenda ni chako au cha mtu wa karibu. Dalali anayekuja usiku anajua anachonunua, ndiyo maana haji mchana. Ukimuuzia, nyama itakatwa, itakwenda kwenye vibanda vingine, na mahali fulani itatolewa haijaiva vizuri. Hasara ya mnyama mmoja inauma, nami siidharau, lakini usiuze. Mwite afisa mifugo. Ipo dawa ya kuua malengelenge ndani ya nguruwe, oksifendazoli, ila nyama yake ina muda wa kusubiri kabla ya kuliwa, na hilo si la kukisia. Wengine wafungie bandani, wasizurure. Choo nacho kitiwe mlango unaofunga, na kila anayetoka humo anawe kwa sabuni.

Mwambie mumeo leo, kabla dalali hajafika. Kesho asubuhi mchukue mtoto, nendeni hospitali wote wawili, na ukifika umwambie daktari neno kwa neno ulichoniandikia mimi.