Mpenzi Msikilizaji na Wajibu wa Kukosoa: Uaminifu wa Shabiki kwa Kipindi cha Redio

Utangulizi

Watangazaji wa vituo vya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kufungua vipindi vyao kwa maneno "wapenzi wasikilizaji". Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kujiuliza yanadai nini. Mtangazaji anapomwita msikilizaji mpenzi, anamkaribisha katika uhusiano wenye haki na wajibu kwa pande zote mbili. Makala haya yanachunguza wajibu mmoja unaozua ubishi: je, msikilizaji aliye mwaminifu kwa kipindi anapaswa kutaja kasoro zake, au mapenzi yake yanamtaka anyamaze?

Kuna mikondo miwili ya majibu. Mkondo wa kwanza unashikilia kwamba shabiki anayekosoa huwapa silaha wasiokipenda kipindi, na kwamba vipindi vya Kiswahili vina maadui wa kutosha bila ya kuongezewa wengine kutoka nyumbani. Mkondo wa pili unadai kuwa mapenzi yasiyosema kweli ni unafiki. Makala haya yanaegemea mkondo wa pili, ila kwa sharti kwamba ukosoaji wenyewe uwe wa kiungwana: uwe na hakika, ulenge kazi wala si mtu, na umfikie anayehusika.

Kukosoa ni Nini?

Umbo la neno lenyewe linatoa mwanga. Kitenzi "kosoa" kina uhusiano na "kosa", na mnyambuliko wake ni wa kauli ya kutendua, sawa na ule unaopatikana katika jozi kama vile fumba na fumbua, ziba na zibua, choma na chomoa. Anayezibua huondoa kilichoziba. Vivyo hivyo, anayekosoa hukusudia kuliondoa kosa. Kwa maana hii, mtu anayetaja kosa la mwenzake ili achekwe hajakosoa, bali amekashifu. Neno "hakiki" nalo lina nasaba na "hakika". Mhakiki ni mtu anayeitafuta hakika kabla ya kutoa hukumu.

Hekima ya jadi imeliona tatizo hili kutoka pande zote mbili. Methali isemayo "mpenda chongo huita kengeza" inamhusu shabiki. Mapenzi yamemfanya alipunguzie kosa uzito kwa kulibadilisha jina: uzembe wa mtangazaji anauita ucheshi, na matusi anayaita uchangamfu. Methali isemayo "mgema akisifiwa tembo hulitia maji" inamhusu mtangazaji. Anayesifiwa kila siku hana sababu ya kuchuja kazi yake. Methali hizi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba sifa tupu humpofusha mnywaji na kumharibu mgema.

Msikilizaji katika Historia ya Redio Nchini

Redio ya taifa, iliyojulikana kama Sauti ya Kenya tangu mwaka 1964 hadi iliporejelea jina la Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, ilijenga uhusiano wa karibu na wasikilizaji wake. Kadi za salamu ni ushahidi mmoja. Msikilizaji aliandika majina ya ndugu, jamaa na marafiki, akaituma kadi kituoni, kisha akatega sikio asikie ikisomwa. Watuma salamu walifahamiana kwa majina na hata kuunda vyama vyao. Hata hivyo, uhusiano huo ulikuwa na mipaka. Jina la msikilizaji lilisikika hewani, lakini maoni yake kuhusu kipindi hayakuhitajika.

Upungufu huu haukuwa wa Kenya pekee. Mwaka 1932 mwandishi Mjerumani, Bertolt Brecht, alipendekeza redio igeuzwe kutoka chombo cha kusambaza ujumbe iwe chombo cha mawasiliano, ili msikilizaji naye aweze kuzungumza. Simu za moja kwa moja na ujumbe mfupi zimeitimiza ndoto hiyo kwa kiasi fulani, ingawa mwenye kupokea simu ndiye anayeamua ni sauti ipi itakayosikika na ni ipi itakayokatwa.

Kipindi kinachofaa zaidi kuangaliwa katika mjadala huu ni "Je, Huu Ni Ungwana?" cha marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia mwezi Februari 2025. Kipindi hicho kilianza mwaka 1966 na kikadumu kwa zaidi ya miaka hamsini. Msingi wake ulikuwa kukosoa. Mtangazaji alieleza mwenendo fulani wa watu katika maisha ya kila siku, kisha akamwachia msikilizaji swali: je, huu ni ungwana? Hakuna aliyetajwa kwa jina ili aaibishwe, ilhali wengi walijitambua. Kwa hivyo, taifa lililopenda kukosolewa na redio kwa miongo mitano haliwezi kudai kwamba ni utovu wa adabu redio nayo ikikosolewa. Tena, kipindi hicho kiliacha kielelezo cha namna ya kukosoa: taja tendo, uliza swali, umwachie mtu nafasi ya kujirekebisha.

Kuondoka au Kupaza Sauti

Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970, alieleza njia mbili anazoweza kuzifuata mtu anapoona huduma anayoitumia inazorota. Anaweza kuondoka, au anaweza kupaza sauti. Jambo la tatu, yaani uaminifu, ndilo linalomfanya mtu asiharakishe kuondoka. Hubaki, na kwa kuwa amebaki, ana sababu ya kusema.

Mfano uliomchochea Hirschman ulitoka Afrika. Alijiuliza kwa nini shirika la reli la Nigeria halikujirekebisha licha ya ushindani mkali kutoka kwa malori. Jibu lake lilikuwa kwamba wateja ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi ndio waliohamia malori mapema. Reli ikabaki bila mtu wa kuibana, na kuzorota kukaendelea.

Mfano huu unaoana na hali ya redio nchini Kenya. Katika enzi ya kituo kimoja, aliyeudhika hakuwa na pa kwenda. Tangu mwaka 1996, Capital FM ilipoanza kutangaza kama kituo cha kibinafsi, vituo vimeongezeka, na anayeudhika huzungusha kitufe tu. Uhuru huo una faida, lakini pia una hasara iliyojificha. Wa kwanza kuondoka ni msikilizaji mwenye sikio kali la lugha, yule aliyegundua kwamba mtangazaji amesema "nyimbo hii imeombwa na wengi" badala ya "wimbo huu umeombwa na wengi", au ametamka "dhamani" alipokusudia "thamani". Akiondoka kimya, wanaobaki ni wale wasioliona kosa na wale wanaoliona lakini wakaliita kengeza. Kosa hurudiwa kila siku, nalo huenea.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Kwa watu wengi walioacha shule, redio ndiyo mwalimu pekee wa Kiswahili waliyebaki naye. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Msomi anayekizima kipindi na kwenda zake amejiokoa peke yake. Mwalimu huyo amemwachia wanafunzi wale wale.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba kipindi hutolewa bila malipo, na apewaye hachagui. Hoja hii inasahau kwamba msikilizaji hulipa kwa muda wake. Idadi ya wasikilizaji ndiyo inayouzwa kwa wenye matangazo ya biashara. Kadhalika, redio ya umma inagharimiwa pia kwa kodi.

Pingamizi la pili ni kwamba kukosoana hadharani si desturi ya Waswahili. Historia ya fasihi inalikanusha dai hili. Malumbano ya washairi ni utanzu wenye mizizi mirefu, na diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, ubishi kuhusu mashairi huru na ya arudhi ulipamba moto kwa miaka mingi. Wanamapokeo na wanamabadiliko walikosoana vikali, lakini wote walikuwa wapenzi wa ushairi. Ushairi wa Kiswahili haukufa kwa ubishi huo. Ulipata watetezi na watunzi zaidi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Inasemekana kwamba kosa la redio ni dogo, na kwamba burudani haistahili kupimwa kwa mizani ya maadili. Historia ya ukanda huu inatoa jibu la kuhuzunisha. Kituo cha RTLM kilichoanza kutangaza nchini Rwanda mwaka 1993 kilipendwa kwa muziki wake na mazungumzo yake ya mtaani. Mwaka 1994 kilichochea mauaji ya kimbari, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Nchini Kenya, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilipokea ushahidi kuhusu uchochezi katika baadhi ya vituo vya lugha za kienyeji wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Chuki ya redio aghalabu huvaa vazi la mafumbo, mzaha na nyimbo. Mgeni hawezi kulifumbua fumbo hilo. Anayeweza kulifumbua mapema ni msikilizaji wa kila siku, anayeijua lugha, anayemjua mtangazaji na anayetambua mzaha wa leo unavyotofautiana na wa jana. Shabiki huyo akinyamaza kwa jina la uaminifu, wa kusema kwa wakati hatakuwapo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Misingi ya Ukosoaji wa Kiungwana

Kutokana na mjadala huu, misingi minne inaweza kupendekezwa.

Kwanza, mkosoaji awe na hakika. Kuna wanafunzi wanaomsuta mtangazaji kwa kusema "wasikizaji", wakidai kwamba neno sahihi ni "wasikilizaji" pekee, ilhali "sikiza" na "sikiliza" yote ni maneno ya Kiswahili. Wengine humcheka mtangazaji wa Mombasa anaposema "mato" kwa maana ya "macho". Huyo hakukosea, anazungumza Kimvita. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, lahaja nyingine hazikugeuka kuwa makosa. Hata jina la kipindi cha Mbotela linaweza kumtega mwenye pupa: kabla ya kudai kwamba "ungwana" ni kosa na "uungwana" ndilo sahihi, inampasa achunguze wazungumzaji wanavyolitumia.

Pili, mkosoaji alenge kazi, si mtu. Kusema kwamba upatanisho wa kisarufi umevunjwa katika sentensi fulani ni kukosoa. Kuidhihaki lafudhi ya mtangazaji kwa sababu inafichua kabila lake ni kutusi, na hakumsaidii yeyote kuzungumza vyema.

Tatu, mkosoaji amtambue anayehusika. Sauti inayosikika si mara zote mwenye maneno. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walimlazimisha Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa ya wenye bunduki. Katika siku za kawaida pia, nyuma ya mtangazaji kuna mwandishi, mhariri, mtayarishaji na mmiliki wa kituo. Lawama inayomwangukia asiyehusika hailiondoi kosa.

Nne, mkosoaji ataje mfano na apendekeze marekebisho. Kauli kwamba "kipindi kimeharibika" haina msaada. Barua inayotaja siku, saa, maneno yaliyotumika na maneno yaliyostahili inaweza kufanyiwa kazi. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa vinaweza kusikiliza kwa zamu, kukusanya mifano, kuijadili na wahadhiri, kisha kuwasilisha maoni kituoni kwa pamoja. Barua kama hiyo itaje pia yaliyofanywa vyema, kwa sababu mtangazaji aliyejitahidi kutafuta istilahi mwafaka anastahili kujua kwamba kuna aliyeisikia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uaminifu na ukosoaji si mahasimu. Asiyekipenda kipindi hana haja ya kukikosoa, kwani njia ya kuondoka iko wazi kwake. Uaminifu ndio unaompa mtu subira ya kubaki, ujuzi wa kutambua kilichobadilika na sababu ya kutaka kirekebishwe. Shabiki anayesifu kila kitu huishia kukipenda kivuli cha kipindi huku kipindi chenyewe kikizorota. Mtangazaji naye, akitaka neno "mpenzi" liwe na maana, hana budi kuacha mlango wazi kwa barua zisizomsifu. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba barua hizo zinaandikwa, zina hakika, na zimeandikwa kwa lugha ambayo kituo chenyewe kingejivunia kuisoma hewani.