Somo la Mwezi: Mzee Aliye Macho Usiku

Hapa Bwejuu wazee wengi hulalamika kwamba usingizi umewakimbia. Hulala mapema, kisha saa 9 za usiku wako macho wakisikiliza mawimbi. Baadhi yao huona ni maradhi, na wapo majirani wanaonong'ona. Vijana nao hawalali mpaka usiku mkubwa, na asubuhi huitwa wavivu. Tuangalie wataalamu wa ubongo wamegundua nini.

1. Ubongo hauzimiki

Zamani ilidhaniwa kuwa mtu akilala, ubongo wake nao hutulia kama taa iliyozimwa. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba katika vipindi fulani vya usingizi macho huenda mbio chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Tangu hapo imezidi kujulikana kwamba ubongo hufanya kazi usiku. Kazi yake moja ni kuimarisha yale tuliyojifunza mchana. Ndiyo sababu mtoto aliyekesha hashiki masomo vizuri.

2. Wahadzabe walipimwa

Wengi huamini kwamba watu wasio na umeme hulala tangu magharibi hadi alfajiri. Jerome Siegel, mtaalamu wa ubongo kutoka California, na wenzake walipima jambo hilo kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu 94 walivaa kifaa mfano wa saa ya mkononi. Mwaka 2015 matokeo yalitolewa: watu hao walikaa macho zaidi ya saa 3 baada ya jua kuchwa, na usingizi wao kwa wastani ulikuwa wa saa 5.7 hadi 7.1.

Mwaka 2017 David Samson na wenzake, pamoja na mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla, walitoa habari za Wahadzabe 33 waliopimwa kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 za usiku, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu! Wazee walilala na kuamka mapema, vijana walichelewa. Watafiti wakaona kuwa tofauti hiyo ni ulinzi: porini daima palikuwa na mtu wa kumsikia simba.

3. Tujifunze nini?

Kwanza, mzee anayeamka usiku asidhaniwe vibaya. Huenda ni umri wake tu, na ndiye anayesikia mtoto akilia au mlango ukigongwa.

Pili, kijana anayechelewa kulala si lazima awe mvivu. Hata hivyo simu isimwibie usingizi wake.

Tatu, mvuvi aliyekesha baharini aachwe alale mchana bila kelele.

Nne, anayekosa usingizi kwa majuma mengi, au anayesinzia mchana bila kujizuia, aende kituo cha afya.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Nani katika nyumba yenu huamka wa kwanza, na nani hulala wa mwisho?
2. Je, tumewahi kumuuliza mzee wetu anawaza nini saa zile akiwa macho peke yake?